Maji ya Wageni

Koo likiniwasha kwa baridi ya Arusha, hukoroga chumvi kwenye maji ya vuguvugu nisukutue, na ladha ile hunirudisha nyumbani kwa bibi, kijijini Nkoaranga.

Baba alikuwa ameniletea kutoka Tanga samaki mdogo wa vidimbwi vya miambani, mwenye madoa, ndani ya chupa ya maji ya bahari. Niliporudi kutoka shule, bibi alikuwa ameyamwaga maji yale.

“Yalishaanza kunuka, mjukuu wangu. Nimemwekea ya chemchemi, yale matamu tunayowawekea wageni.”

Samaki, aliyezoea maji ya chumvi, alielea tumbo juu. Baba alicheka hadi akakaa chini, nami nikacheka naye.

Bibi aliifuta chupa kwa kanga yake, taratibu, bila kututazama. Tangu siku hiyo, hata kunifulia sare aliniomba ruhusa kwanza.