Jamaa wa rungu kwenye ile clip ya silanga alikuwa ananiokoa

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Sina sababu ya kuwadanganya kwa hii story, maana aliyekuwa anakufa ni mimi.

Mmeiona ile clip inayozunguka. Ng'ombe wamejaa silanga, yaani bwawa la mifugo, huko karibu na Bisil, jamaa wa shuka na rungu anaruka kwa maji, anamkamata diver shingoni na kumburuta. Juu wameandika "Mchungaji ashambulia diver akirekodi viumbe adimu." Comments ni matusi matupu. Kuna mwenye anataka atafutwe ashikwe.

Huyo diver ni mimi. Huyo "mshambulizi" anaitwa Lemayian, na nimekuja hapa kumsafishia jina.

Kwanza, ndiyo, Kitengela kuna diver. Chekeni mmalize. Nilisomea kazi Pwani, ndoa ikanirudisha bara. Siku nyingi natoa pampu zilizozama kwenye mabwawa ya watu. Mara moja moja mtu ananiita nirekodi video chini ya maji, na hapo roho yangu inafurahi kweli.

Basi akanipigia mtu ninayemwita Dairekta, kwa sababu hivyo ndivyo anavyojitambulisha, hata kwa mama wa chapati. Alitaka documentary ya viumbe wanaoishi chini ya silanga za Kajiado. Wazo lilikuwa zuri, sitamnyima hiyo. Watu wanadhani bwawa la kunyweshea mifugo ni tope tu, kumbe huko chini kuna kobe wa maji, kambare na vyura wa kila aina.

Kamati ya silanga ilitukubalia, mradi tuanze asubuhi na tutoke kabla mifugo haijafika. Ilikuwa kiangazi, na upande ule hakukuwa na maji mengine.

"Hakuna shida," Dairekta akasema.

Asubuhi yenyewe, mheshimiwa akatusimamisha Kitengela anywe supu. Barabara ya Namanga akatusimamisha tena ili arekodiwe akitembea kwenye nyasi ameshika kofia. Akarudia, eti matembezi ya kwanza hayakuwa na feeling. Mtu mzima, wakuu, anafanya retake ya kutembea.

Tulifika jua likiwa utosini. Ng'ombe walikuwa wameshafika na wamezuiwa juu ya kilima. Lemayian, mwenye ng'ombe, akashuka kutusalimia.

"Sopa. Si mlisema asubuhi?"

"Nusu saa tu, boss," Dairekta akamjibu. "Maji lazima itulie, tope ishuke."

"Mimi naweza ngoja. Ng'ombe haiwezi. Imetembea tangu jana, na ikishasikia harufu ya maji mimi siishindi nguvu."

Dairekta akampa soda. Hiyo ndiyo ilikuwa risk assessment yetu.

Ningekataa hapo. Lakini nilikuwa nimeshavaa mtungi wa hewa, na nilitaka kuona wale kobe. Nikafunga kamba kiunoni, fundi wa sauti tuliyekuja naye akashika ile ncha nyingine, kazi yake ikiwa kunivuta nikitikisa. Nikashuka.

Chini ya silanga huoni kitu mpaka ukae bila kusonga, tope litulie chini. Nilikaa. Polepole maji yakawa rangi ya chai nyepesi, na kobe mmoja akaja mpaka kwenye lens, akafungua mdomo kama mtu anayetaka kujua nimeletwa na nani. Wakuu, nilicheka na mpira wa hewa mdomoni. Kwa ule muda mfupi nilisahau hata Dairekta.

Halafu nikasikia mtetemo kifuani.

Ng'ombe waliingia wote kwa pamoja. Giza. Kwato moja ikanipiga begani, nyingine ikakanyaga mpira wa hewa ukachomoka mdomoni. Nikatikisa kamba. Nikaivuta. Ikanijia yote mkononi, legelege, haina mtu.

Baadaye niliambiwa Dairekta alipiga kelele, "Camera! Shika camera!" na fundi wa sauti akaitupa kamba akakimbilia camera iliyokuwa ukingoni. Tripod ilitoka salama, asanteni kwa kuuliza.

Nilikuwa nimeshameza maji nikafikiria mke wangu, ndipo mkono ukanishika mikanda ya mtungi hapa karibu na shingo. Lile rungu mnaloona lilikuwa la kuwatenganisha ng'ombe ili anifikie. Na Lemayian hajui kuogelea.

Nikiwa ukingoni natapika, Dairekta akainama, akaniuliza, "Ulipata shot?"

Halafu akamgeukia Lemayian, akamwomba arudishe ng'ombe juu waingie tena upande wenye mwanga mzuri. Lemayian alimwangalia, akaenda zake kumwinua ndama aliyekuwa ameanguka.

Dairekta alikuwa amerusha drone, na ilikuwa juu ikirekodi kila kitu. Lakini clip aliyoiweka mtandaoni inaanza kamba ikiwa imeshatupwa, na inaisha kabla sijafika ukingoni. Nilipompigia Dairekta aniondolee huo uchafu, akaniambia inatembea vizuri, nitulie. Mtu wa bure kabisa.

Juzi nikaenda Bisil siku ya soko la mifugo kumwomba Lemayian radhi. Alikuwa ameshaonyeshwa clip. Mnunuzi mmoja alikuwa amemkwepa, eti hafanyi biashara na mtu wa fujo. Nikashikwa na aibu ambayo haikuwa yangu.

Nikamuuliza, na kama angekuwa Dairekta huko chini, ungeingia?

Akanishangaa.

"Si angekuwa anakufa?"

Funzo nililopata: kabla hujaingiza camera kwenye maji ya watu, uliza nani anakunywa hapo na saa ngapi, halafu uheshimu hiyo saa.

Haya, uwanja ni wenu. Wenye swali la diving niulizeni. Wale mliosema Lemayian ashikwe, nyinyi ndio nataka kuwasikia kwanza.