Washenga Jumapili, Dhoruba Milimani

Jumamosi ile nilikuwa jikoni kwangu Fairfield, Sydney, nakunja sambusa, binti yangu aliponipigia simu kutoka milimani. Alikwenda kuteleza kwenye theluji na wenzake watatu, huko nyuma kabisa ambako hakuna lifti za kupandisha watu mlimani wala walinzi, mtu unabeba hema mgongoni. Mimi theluji naijua ya ndani ya friza tu. Nilimruhusu kwa sharti moja: Jumapili saa nane mchana awe nyumbani. Washenga wa mchumba wake walikuwa wanaleta barua ya posa, na kwetu Tanga binti huitwa mbele ya wageni akaulizwa kama anawatambua.

Akaniambia dhoruba imewakuta, wamejibanza kwenye kibanda cha wapanda milima. Njia ya kurudi kwenye gari inakatiza mteremko, na upepo umeulundikia theluji mpya. Inaweza kuporomoka yote kwa pamoja na kumfukia mtu. Mwenzao mwenye ujuzi anasema wangoje hadi Jumatatu.

"Jumatatu?" nikafoka. "Washenga niwaambie nini? Nitauweka wapi uso wangu? Baridi tu hiyo, vaa koti uje!"

Akaitikia, "Sawa, mama."

Nikakata simu, nimeridhika. Mtoto huyu amezaliwa hapa hapa Sydney, lakini sijapata kumsikia akimbishia mkubwa. Nilikuwa nikijisifu kwa hilo mbele ya kina mama wenzangu: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, wangu nimemfunza.

Sijamaliza hata kukunja sambusa, baba yake akaja na simu mkononi. Amesoma tahadhari: hatari kubwa ya maporomoko, watu wasikatize miteremko.

"Umemwambia nini mtoto?" akauliza.

Nikamweleza. Hakunigombeza, alikaa tu kwenye kiti akashika kichwa. Yarabi, laiti angenigombeza!

Nikapiga simu, nikapiga, haipatikani. Polisi wakasema hakuna anayeweza kupanda hadi upepo utulie. Jumapili washenga wakafika kutoka Smithfield, kanzu zimenyooka kwa pasi, nikawaambia ukweli wote: binti hayupo, hatujui yuko wapi, na aliyemwambia atoke ni mimi. Barua ikabaki kwenye sinia. Tukasoma dua, sambusa hakuna aliyezigusa.

Jumatatu mchana akapiga. Yuko barabarani, mzima. Nililia hadi nikashindwa kuitikia salamu yake. Ndipo akanieleza. Wenzake walimsihi asitoke, naye akavaa skii zake, zile mbao za kutelezea, akatoka peke yake. Zilikuwa zimebaki hatua chache aufikie mteremko, theluji ikakatika mbele ya macho yake, ikashuka yote bondeni. Akarudi kibandani akitambaa, na simu imeshazima chaji.

"Lakini ulikuwa unajua!" nikamwambia. "Ulikuwa unajua ni hatari! Kwa nini hukunikatalia?"

"Mama," akasema, "kwani inaruhusiwa?"