Uso Ambao Mama Hakuumaliza

Katika miaka ya hamsini, mama yangu, aliyekuwa akichuma maua ya pareto huko Dundori, alipofushwa na mtoto wa jicho. Tulimpeleka hospitalini Nakuru, akapasuliwa jicho moja. Bendeji ilipofunguliwa alivaa miwani nzito, akacheka: "Kumbe shuka ni nyeupe!"

Nikamsogezea binti yangu mchanga, ambaye mama hakuwa amewahi kumwona. Mama aliona pua, kisha mdomo, akageuza kichwa huku na huku akiutafuta uso mzima asiupate.

Daktari akasema kwa upole, "Mtoto wa jicho tumemtoa. Lakini presha ya jicho ilishaua sehemu kubwa ya mshipa wa kuonea ulio nyuma, na huo hauponi. Hata uwezo mdogo wa kuona aliobaki nao unaweza kuisha."

Mama akanigeukia. "Basi mlete karibu zaidi," akaniambia, "nimtazame sasa."

Nilimshika mtoto mbele yake huku nikilia.