Njiwa Sita Walioikataa Nyumba Mpya

Juzi pale sokoni Ipuli nilimwona mama mmoja akiuza njiwa kwenye tenga, nikasimama kuwasikiliza mpaka nikachelewa kurudi bwenini shuleni. Sikumwambia mtu sababu.

Nilipokuwa bado mdogo, wazazi wetu walipoitwa mkutanoni na kuambiwa wahame, tulihamia kijiji cha ujamaa, lakini njiwa wangu sita wakarudi kwetu kwa zamani. Niliwafuata na pacha wa jirani, Kulwa na Doto, kwa njia ya msituni. Tulilala kwenye kambi ya warina asali, tukaamka nguo zinanuka moshi na nta. Nyumba yetu haikuwa na paa tena, ila njiwa walikuwa ukutani, wakanijia mkononi kama zamani.

Kurudi, tenga la njiwa nililibeba mwenyewe. Tulifika alasiri.

"Wafungie ndani mpaka watage, we," Kulwa alisema.

Niliwaonea huruma. Niliamini walikuwa wanaondoka kwa kuwa hawajaiona vizuri nyumba mpya, basi nikafungua tenga waione. Waliizunguka mara moja tu, wakashika njia ile ile tuliyotoka. Nilibaki nimenyoosha mkono wenye mtama.

"Ungewafungashia na viazi vya njiani," Doto alinicheka.

"Baba, waite," nilisema alipotoka nje. Sikujua bado kwamba kuna jambo baba asiloliweza.

"Hao hawakuwepo mkutanoni, mwanangu."

Aliendelea kutazama kule hata njiwa walipokwisha kupotea, nami nikadhani macho yake yanaona mbali kuliko yangu.