Namba ya Bibi

Nilikuwa balozi wa uraia wa kidijitali. Msicheke. Nilipewa cheti, fulana ya zambarau na kishikwambi baada ya semina ya siku tatu katika hoteli moja ya Tarime mjini, ambako watu waliotoka Dar walitufundisha haki za uzazi kwa kutupiga picha. Kila baada ya chai tulipangwa mstari, tukainua mabango yenye alama ya reli na maneno "Uzazi Wangu, Sauti Yangu", na picha zikarushwa mtandaoni. Wanawake wa miji mingine wakatuwekea mioyo. Wanaume tusiowajua wakatutukana. Tukarudi vyumbani tukiamini tumepambana.

Kijijini kwetu Nyakunguru, mwanamke aliyetakiwa kupaza hiyo sauti alikuwa kwenye karasha tangu asubuhi, anasagisha mawe ya dhahabu, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Ilikuwa miaka ile watu wanamiminika kufuata dhahabu, na simu za maana zilikuwa mifukoni mwa wachimbaji. Wanawake wengi walikuwa na simu ya nyumba tu, na simu ya nyumba ina mwenyewe.

Nesi wa zahanati alilijua hilo bila semina. Kadi za sindano ya uzazi wa mpango hakuwapa wanawake waende nazo nyumbani. Alizitunza katika boksi la viatu chini ya meza. Siku ya kupima watoto uzito, mama analeta mtoto, anachomwa sindano yake, anaondoka na kadi ya mtoto peke yake. Sijasikia hata mmoja aliyeshtukiwa. Sisi wa fulana tukaliita boksi lile mfumo wa kizamani, na mimi nikatumwa kuziingiza kadi kwenye kishikwambi, ili kila mama akumbushwe tarehe yake kwa ujumbe wa simu.

Kadi moja ilikuwa ya jirani yangu. Alikuwa ameolewa na bibi mmoja. Kwetu Wakurya hilo halimshangazi mtu: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe akaoa msichana, na watoto atakaozaa huyo msichana na mwanamume wa pembeni ni wa nyumba ya bibi. Jirani yangu alikuwa amezaa wasichana watatu. Uzazi wa tatu alitoka damu mpaka akazimia, na nesi akamwambia wazi kwamba wa nne unaweza kumuua. Bibi alikuwa bado anataka mvulana. Kwa hiyo sindano ilikuwa siri yake, ya nesi, na yangu.

Hakuwa na simu. Nilipoacha nafasi ya namba wazi, kishikwambi kikagoma, maandishi yakawa mekundu. Ripoti ilitakiwa kesho yake. Namba ya bibi niliijua kwa kichwa, maana hajui kusoma na ujumbe wake wote alikuwa akiniletea mimi nimsomee. Nikajiambia, hata ujumbe ukiingia, utaishia kwangu. Nikaiandika. Huo ndio usalama wa taarifa niliopewa cheti.

Ujumbe ukaingia. Bibi akaja nyumbani, simu ameifunga kwenye ncha ya kanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nisomee hii."

Nikasoma kimoyomoyo: Mama mpendwa, tarehe ya sindano yako ya uzazi wa mpango ni wiki ijayo. Chini yake, ile alama ya reli.

"Ni kampuni ya simu, bibi. Wanasema uongeze salio."

Akaichukua simu, akaifunga tena kwenye kanga. "Jana nilikuwa mjini, kule mtaa wa Nkende. Fundi wa simu alinisomea. Nilitaka nikusikie na wewe."

Nikaanza kumweleza habari ya damu. Akanikatiza.

"Mimi ndiye niliyeoa, mwanangu. Nyumba yangu inakufa, na wewe unakula ugali kwangu, unajua, umenyamaza. Hao watu wako wa Dar waliniuliza lini?"

Hawakumuuliza. Wala mimi sikumuuliza, mimi niliyezaliwa mlango wa pili.

Siku ya kupima uzito, mtoto aliletwa na bibi mwenyewe. Nesi alilivuta boksi la viatu kwa mguu, akalisogeza ndani zaidi chini ya meza, na hakunisemesha siku nzima. Jioni simu yangu ikalia: pongezi kutoka Dar, ujumbe wote umefika. Katika ripoti, jirani yangu yumo kwenye safu ya waliofikiwa. Nilialikwa tena hotelini, na nikaenda, nikashika bango. Najichukia kwa hilo kuliko kwa ile namba.

Miezi ikapita. Nikamkuta jirani yangu bombani, tumbo limetangulia, miguu imevimba. Zamani alikuwa akiniona tu anaanza utani. Siku hiyo alitua ndoo, akainama kidogo, akaniamkia shikamoo, vile tunavyowaamkia wageni wanaokuja na gari la ofisi.

Tumezaliwa mwaka mmoja. Nikaitikia marahaba.