Nyusi Zangu Kwenye Simu

Kitu cha kwanza nilichokiona katika nyumba ile ni kwamba watu waliniangalia mdomo.

Si macho. Mdomo.

Wakiniuliza jambo, wananikazia mdomo kama mtu anayesubiri kuku atage. Wakichoka kusubiri, wanaondoka.

Ndiyo maana nililala njaa siku tano mfululizo katika nyumba yenye friji mbili zilizojaa.

Najua mtasema natia chumvi. Subirini kwanza.

Naitwa Pipaluk. Kwetu ni Upernavik, kaskazini mwa Grinlandi. Shule niliachia darasa la sita. Mama alikuwa kiwanda cha samaki, mgongo ukamgomea, na wadogo zangu watatu wakawa wangu. Nilikuwa na miaka ishirini nilipopata nafasi ya mwaka mmoja Denmaki: nisome kuoka mikate, na jioni nimalizie yale masomo niliyoyaacha.

Ofisi ikanipa familia ya kukaa nayo. Bodil na mumewe Preben, watu wazima, watoto wao wamekwisha kuhama. Na mbwa mmoja mnene, Trunte.

Kidenmaki nilikielewa vizuri. Kukisema ndiyo kulikuwa shida. Kwanza mimi hata kwetu ni mtu wa maneno machache.

Jumapili jioni, chakula cha kwanza. Viazi, mchuzi wa kahawia, vipande vya nyama ya kusaga. Nilikula sahani moja haraka. Safari ilikuwa ya siku mbili.

"Pipaluk, nikuongeze viazi?" Bodil akauliza.

Nikainua nyusi.

Bodil akangoja, bakuli mkononi.

Nikainua tena, juu zaidi.

"Mbona anashangaa?" Preben akasema. "Havijaiva nini?"

"Vimeiva! Nimevionja mwenyewe." Bodil akarudisha bakuli jikoni. "Ameshiba, mtoto wa watu. Usimlazimishe."

Jamani.

Kwetu mtu akiinua nyusi amesema ndiyo. Akikunja pua amesema hapana. Mtoto mchanga anajua, mchungaji kanisani anajua. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna mahali duniani watu hawajui. Ni kama kuambiwa kuna mahali watu hawajui kupiga chafya.

Asubuhi Bodil akanisogezea mkate mweusi uliopakwa ini la kusaga. Akauliza, "Unasikia baridi humu ndani?"

Sikusikia baridi. Nikakunja pua.

Bodil akaacha kutafuna. Akanusa ule mkate. Akaunusa tena. Akaondoka nao.

Kesho yake akaniuliza kama kitanda ni kigumu. Nikakunja pua. Jioni nikakuta shuka zimebadilishwa na dirisha la chumba liko wazi kabisa. Jumatano Trunte akaogeshwa mara mbili kwa siku moja. Mbwa akawa ananiangalia kwa hasira, kana kwamba anajua nani kamponza.

Nikawaza, hawa watu wanapenda usafi kupita kiasi.

Shuleni hali ilikuwa ileile. Mwalimu akauliza, "Umeelewa?" Nikainua nyusi. Akanieleza upya, polepole, kwa sauti ya mtu anayemsemesha kiziwi. Wenzangu wakachekea viganjani. Baada ya hapo hakuna aliyekaa karibu nami.

Kilichoniumiza zaidi ni miti. Nyumba ya Bodil imezungukwa na miti mikubwa. Kwetu mti mrefu unakufika kwenye kifundo cha mguu. Mimi nilikuwa sijawahi kulala nikisikia majani. Yanasema usiku kucha, na hakuna hata neno moja linalonihusu.

Jumanne nilimpigia mama. Simu yake ni ya vitufe, ya kusikia tu.

"Umefika salama?"

Nikainua nyusi.

Kimya. Halafu mama akacheka hadi akakohoa. "Umeinua nyusi, mjinga wangu. Nimekuona."

"Umenionaje?"

"Nimekuzaa. Wanakulisha?"

Nikakunja pua kidogo.

"Usiwasingizie watu! Omba. Una mdomo huo wa nini, wa kupulizia chai?"

Mama alikuwa hivyo. Mimi nakaa kimya, yeye anapatia. Hajawahi kukosea. Tulikuwa tunacheza hata jikoni, yeye kanipa kisogo anakatakata samaki, mimi nyuma yake: "Sasa je?" "Nyusi." "Sasa?" "Pua. Na uifute."

Alhamisi nikiwa navua viatu mlangoni, nikawasikia jikoni.

"Siwezi, Preben," Bodil alikuwa anasema. "Kila kitu kinamtia kinyaa. Chakula, shuka, hata mimi. Nikimsemesha ananikunjia pua. Nimebadilisha hadi sabuni ya kuogea."

"Labda ana haya tu."

"Haya gani ya kumkodolea mtu macho? Nimekwisha kupiga simu ofisini. Yule mama wa huko anakuja kesho. Kama hataki kukaa hapa, basi arudi kwao. Sitamfunga mtoto wa mwenzangu kamba."

Nikabaki na kiatu kimoja mkononi.

Familia nyingine haikuwepo. Hilo ofisi ilitueleza tangu mwanzo. Nikirudishwa, nafasi imekwenda, na mtu wa darasa la sita hapewi nafasi mara mbili. Narudi kuparua samaki, mgongo wangu ufuate wa mama.

Bodil akanikuta pale. Akapiga magoti aone uso wangu.

"Pipaluk. Niambie kweli, sitakasirika. Unataka kurudi kwenu?"

Sikuinua, sikukunja. Uso wangu uligoma kabisa. Machozi yakamjaa yeye, si mimi. Akanishika bega, akaenda zake.

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi za nyuma, nikampigia mama. Sikusema habari za ofisi. Nilimsalimu tu. Sauti ilinitoka vibaya.

Nikasikia kisu chake cha samaki kimeacha kukata.

"Pipaluk. Unataka kurudi nyumbani?"

Ndugu zangu, niliinua nyusi hadi ngozi ya kichwa ikavutika. Niliziinua zikakaa huko juu. Machozi yakawa yananiingia mdomoni. Nilitaka kurudi. Mgongo uoze, samaki waniozee mikononi, nilitaka kurudi siku ileile.

Nilimsikia mama anapumua.

Halafu akasema, "Aa. Umekunja pua. Vizuri, mwanangu. Basi kaa usome."

Nikafungua mdomo.

Simu ikakatika.

Mara ya kwanza maishani mama alikosea. Nikawaza: sasa hata mama hanioni tena. Upweke wa siku zile zote ulikuwa mchezo. Upweke wenyewe ulianzia kwenye zile ngazi.

Ijumaa mama wa ofisi akaja. Hakuja peke yake. Alikuja na Karoline, mwanamke wa kwetu aliyeolewa mjini pale miaka thelathini iliyopita.

Bodil akamimina kahawa. Akaeleza yote. Kinyaa. Pua. Macho makubwa.

Karoline akajiziba mdomo kuzuia kicheko. Akanigeukia.

"Binti, kahawa unakunywa?"

Nikainua nyusi. Akanimiminia.

"Na maziwa?"

Nikakunja pua. Akaweka maziwa pembeni, kisha akawatazama wenyeji.

"Mmeona? Tangu Jumapili anawajibu. Nyusi ndiyo, pua hapana. Ninyi masikio mnayo, haya macho mmewekewa ya kutazamia televisheni?"

Preben akaweka kikombe chini taratibu. "Mungu wangu. Vile viazi."

Bodil alikuwa amejishika mashavu. "Nilipokuuliza kama unasikia baridi..."

Pua.

"Kitanda kigumu?"

Pua.

"Na viazi, Jumapili. Ulikuwa unataka viazi?"

Nyusi.

"Na Jumatatu? Na Jumanne?" Akaanza kulia na kucheka kwa pamoja. "Preben, tumemlaza mgeni na njaa! Na mbwa tumemwogesha bure!"

Mama wa ofisi akafunua karatasi zake. "Inabidi niulize. Pipaluk, unataka kubaki hapa?"

Wote wanne wakaniangalia. Safari hii hawakuangalia mdomo.

Nikakumbuka sauti ya mama. Basi kaa usome.

Nikainua nyusi.

"Nimeona!" Bodil akapiga meza. "Nimeona mwenyewe!"

Jioni ile nilikula viazi kumi na moja. Preben alivihesabu.

Miaka saba imepita. Naoka mikate mji uleule, na masomo nilianza kuyamalizia, nikayaacha tena, nimeyarudia mwaka huu. Hadi leo Bodil akiulizwa kitu dukani anainua nyusi, na wauzaji wanamshangaa.

Mama alifariki mwezi wa pili.

Nilipokwenda kumzika, mdogo wangu Nivi alinisimulia jambo. Anasema siku ile ya Alhamisi mama alipoweka simu chini, alibaki amesimama na kisu cha samaki mkononi. Nivi akamuuliza, "Dada anasemaje?"

Mama akajibu, "Ameinua nyusi. Nimeziona kabisa. Mungu anisamehe."

Kisha akaendelea kukata samaki.

Miaka saba niliamini mama alikosea. Kumbe alipatia kama kawaida yake. Alichagua kujifanya hakuona.

Kama una mtu mkimya karibu yako, mtazame uso mzima kabla hujaamua anachosema. Na kama wewe ndiye mkimya, ujue wapo wanaokusikia na bado wanajifanya hawakusikia, kwa sababu wanakupenda. Hao usingoje kuwajibu makaburini kama mimi.

Pale kaburini Nivi aliniuliza kama namlaumu mama. Nilikunja pua tu. Kwa mdomo sikusema kitu.

Sasa nasema. Mama, niliziinua. Ulipatia. Nilitaka kurudi nyumbani.

Asante kwa kunikatalia.