Kikohozi katika Kasala ya Louis

Sogeza kiti, nikueleze jinsi Louis Tshiamala, mchomelea vyuma wa hapa Kolwezi, alivyomfanya binti yake kuwa dada wa kijana aliyemchumbia.

Louis hakuwa na ndugu hata mmoja mjini. Mwaka ule Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa Katanga, wazazi wake walipanda treni pamoja na wengine. Yeye alikuwa na miaka saba, surua imemfumba macho, na ndani ya mabehewa watoto wagonjwa walikuwa wakifa. Wakamwacha kwa Mama Simone, Mlunda, mwenyeji wa Katanga, aliyekuwa akiwauzia makaa, naye akamficha kwao Mutshatsha. Walisema watamfuata. Ilikuja barua tu, kwamba wote wawili walifia njiani. Mama Simone alimlea mpaka akawa mtu mzima, kisha naye akafa. Louis akiulizwa kwao ni wapi, alijibu, "Mutshatsha," na watu wakacheka, maana jina lake ni la Kasai waziwazi.

Basi binti yake Noëlla akachumbiwa na Donatien, wa familia ya Kikasai iliyoshika sana mambo ya zamani. Kwao, kabla ya mahari, kila upande unasimamisha mtu wa kusema kasala, utenzi unaotaja mababu mmoja mmoja na mambo waliyoyafanya. Mababu wakikutana, watoto ni ndugu, ndoa hakuna. Na asiye na kasala? Huyo huenda ni ndugu, huenda siyo. Hapewi mtu.

"Papa," Noëlla alimwambia, "ubaambie tu kama kasala haujue."

"Nibaambie mi ni mutu wa bure? Mbele ya bakwe? Weye pika bukari. Kasala ni kazi yangu."

Sokoni, kwenye kibanda cha kujaza nyimbo kwenye simu, akapata kasala moja, sauti ya mwanamke, imerekodiwa kwenye kilio fulani cha msiba. Ya nani, haikuandikwa. Tshiluba, lugha ya Wakasai, kwa Louis kilikuwa cha salamu tu, lakini aliikariri neno kwa neno kwa wiki sita, nyuma ya kinyago chake cha kuchomelea, ambako hakuna aliyeiona midomo yake ikicheza.

Jumapili wakwe wakaja, mbele yao Nkambo Josée, bibi yake Donatien. Louis akasimama. Kasala ilitiririka bila kukwama. Baada ya jina la tatu akakohoa mara mbili, akaendelea mpaka mwisho. Wageni wakatazamana. Donatien akainamisha kichwa.

"Tata Louis," akasema Nkambo Josée, "uko na mafua?"

"Hapana, Mama. Kasala njo vile banaisemaka."

"Njo vile banaisemaka." Akaegemea fimbo yake. "Ile kikohozi ni yangu. Mi njo nilikuwa na mafua, siku ya kilio ya kaka yangu Henri. Na ile bankambo ni ba kwetu bote. Sasa mutoto yako ni dada ya Donatien?"

Noëlla alikuwa mlangoni na sahani mkononi. Kalala, mjomba wa Donatien, akachukua kofia yake. Kama mababu ni wale, shauri limekwisha. Kama wameibwa, limekwisha vilevile.

"Niliiiba, Mama," akasema Louis. "Ya kwangu sina."

"Hakuna mutu hana. Tata yako alikuwa anaimba nini wakati ya kunawa?"

Louis akaliona tena beseni la uani kwao, baba yake karudi kutoka mgodini, sabuni mpaka masikioni. Kulikuwa na mstari mmoja wa Tshiluba. Hakuwahi kumwambia mtu, kwa kuwa hakujua maana yake. Akausema polepole, mpaka pale kumbukumbu ilipokatika.

Nkambo Josée akawatafsiria wengine kwa Kiswahili: "Mi ni wa Ngoyi, alivuka mto na ngoma ku kichwa, ngoma haikulowana." Akamgeukia Louis. "Halafu?"

"Halafu Mama Simone wa makaa. Alinibeba na surua mpaka Mutshatsha. Njo yote yenye najua."

Bibi akamwelekezea Kalala fimbo.

"Kaa chini, Kalala," akasema. "Kwetu hatukuwa na ngoma hata siku moja. Ngoma ilikuwa ya bale ba ng'ambo ya mto. Balitukatazaka kulala. Hawa batoto hawako ndugu." Kisha kwa Louis: "Na ule mama Mulunda, umutie ndani. Mutu alikubeba, anaingia mu kasala."

Kalala akaiweka kofia gotini. Wa kwanza kucheka alikuwa Noëlla, sahani zikagongana mikononi mwake. Louis naye akakaa.

Kabla ya kuondoka, bibi akamwachia jina moja la kale zaidi, Kankolongo, aliyemchongea Ngoyi ile ngoma. Hata kwao bibi jina hilo lilijulikana, kwa kuilalamikia ngoma yake. Akamfanya alirudie mara tatu.

"Na usikohoe," akamwambia.

Jumatatu, nyuma ya kinyago, Louis alikuwa na watu wake wote midomoni: Kankolongo, Ngoyi, baba yake na beseni, Mama Simone na makaa. Geti alilokuwa akimchomelea mteja lilichelewa siku mbili.